Usitupe Nafasi Tupu: Ushauri kwa Vijana Wanaokata Stringi kwa Lugha ya C

Tazama mstari huu:

EQD+CN+CSQU3054383+22G1:102:5++3+5'

Bandari za makontena duniani huzungumza na meli na mawakala kwa mistari ya namna hii, na Kilindini ya Mombasa haiko nje ya mkumbo huo. Ni kipande cha ujumbe wa EDIFACT, utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuandika taarifa za biashara ili kompyuta ya huku iielewe ya kule. Kanuni zake za uandishi zimo katika kiwango cha ISO 9735. EQD inatangaza kwamba tunaeleza kifaa, na CN kwamba kifaa chenyewe ni kontena. Inafuata namba ya kontena, kisha 22G1, yaani kontena la kawaida la futi 20. Baada ya hapo kuna alama mbili za kujumlisha zilizogandana. Nafasi iliyo kati yake ni ya kumtaja aliyetoa kontena, nayo imeachwa tupu. Halafu 3: kontena linaingia nchini. Halafu 5: limejaa.

Sasa mpe mstari huo kijana aliyejifunza C chuoni kwa muhula mmoja, umwambie aukate penye alama ya +. Ataandika hivi, maana ndivyo vitabu vingi vinavyofundisha:

char *k = strtok(mstari, "+");
while (k != NULL) {
    weka(k);
    k = strtok(NULL, "+");
}

Programu itakubali kutafsiriwa, kompaila haitanung'unika, na matokeo yatakuwa vipande sita. Mstari una vipande saba. Kilichopotea ni ile nafasi tupu, na kupotea kwake kumesogeza kila kilichokuwa nyuma yake. Ile 3 imeingia mahali pa mtoaji wa kontena, na 5 imeingia mahali pa hali ya kontena. Katika orodha ya hali hizo, 5 ni kontena linaloondolewa mahali pake ili kupisha mengine, kisha hurudishwa melini. Lau kontena lilelile lingekuwa tupu, tarakimu ya mwisho ingekuwa 4, na mahali pa hali ya kontena 4 maana yake ni kwamba kontena linabaki melini. Kontena la mtu limeshafika gatini, na programu inasema bado liko safarini.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ninataka jambo moja likukae kichwani kabla hatujagusa kitu kingine: nafasi tupu ni taarifa. Aliyeuandika ujumbe ameiacha makusudi, na anategemea kwamba nawe utaihesabu. Fankisheni yoyote inayoitupa inabadilisha maneno ya mwenye ujumbe. Ushauri wangu wote unaofuata unatokana na hilo.

Tuitazame strtok kwa haki yake kwanza. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na strtok ikaingia katika kiwango rasmi cha lugha hiyo mwaka 1989. Kazi iliyokusudiwa kwayo ni kutenganisha maneno yaliyoachana kwa nafasi. Mtu akiandika amri kwa kibodi, nafasi tatu mfululizo hazina maana zaidi ya nafasi moja, na kuzimeza zote ndiko kunakotakiwa. Kwa kazi hiyo inafaa. Tatizo ni kwamba waalimu wengi huifundisha kana kwamba ndiyo njia ya kukata stringi ya aina yoyote, na mwanafunzi hutoka darasani hajui kwamba ipo tofauti kati ya maneno ya amri na safu za rekodi.

Kumeza nafasi tupu ni tabia yake ya kwanza. Ya pili ni kwamba inauharibu mstari wenyewe. Kila inapokuta kitenganishi mwishoni mwa kipande huandika baiti ya sifuri juu yake, kwa hiyo ukimaliza, mstari ulioupokea haupo tena. Mawasiliano yakiwa na dosari, jambo la kwanza utakaloulizwa na mtu wa upande wa pili ni: nitumie ujumbe kama ulivyoupokea. Hutakuwa nao. Na kama mstari umeutangaza kama pointa ya maneno yaliyoandikwa ndani ya programu yenyewe, yaani char *s = "a+b", basi kuandika juu yake hakuruhusiwi kabisa na lugha, na kwenye kompyuta nyingi programu itakufa papo hapo. Utangaze kama safu, char s[] = "a+b", au bora zaidi tumia njia ambayo haigusi mstari.

Tabia ya tatu ndiyo inayowatesa zaidi wanaoshughulika na ujumbe wa bandari. Ukiiita strtok kwa NULL, inajuaje iendelee wapi? Inakumbuka ndani yake mahali ilipoishia, na ina kumbukumbu moja tu. Ujumbe wa EDIFACT una ngazi tatu. Kwanza sehemu, zinazofungwa kwa alama ya ritifaa ('). Ndani ya sehemu mna safu zinazotenganishwa kwa +, na ndani ya safu mna viungo vinavyotenganishwa kwa nukta mbili. Kijana ataandika mzunguko wa nje wa kukata sehemu, na ndani yake mzunguko wa kukata safu, yote kwa strtok. Mzunguko wa ndani ukishamaliza sehemu ya kwanza, ile kumbukumbu moja inaonyesha mwisho wa sehemu hiyo. Mzunguko wa nje ukiuliza sehemu inayofuata, unajibiwa NULL. Programu inasoma sehemu moja tu ya ujumbe wenye mamia ya makontena, kisha inatoka kwa heshima zote bila kutoa kosa lolote.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni strtok_r, ambayo iko katika kiwango cha POSIX na inakuruhusu uishike mwenyewe ile kumbukumbu kwa pointa. Inatibu tabia ya tatu, na mbili za mwanzo zinabaki palepale. Kuna pia strsep, iliyotoka kwenye familia ya BSD na inayopatikana Linux. Hiyo hurudisha nafasi tupu kama stringi tupu, na kwa hilo naipenda. Lakini nayo huandika juu ya mstari, haimo katika kiwango cha C chenyewe, na huisogeza pointa uliyoipa. Kama uliomba kumbukumbu kwa malloc, hifadhi pointa ya mwanzo pembeni, la sivyo hutakuwa na cha kurudisha kwa free.

Jambo dogo ambalo halistahili aya ndefu: vitenganishi unavyozipa fankisheni hizi ni kundi la herufi mojamoja. Ukiandika "++" hujasema "kata penye alama mbili pamoja". Umesema "kata penye +", umeisema mara mbili. Ukitaka kukata penye neno zima, tumia strstr.

Nikuhimize basi uandike fankisheni yako mwenyewe. Ni mistari michache, utaielewa yote, na utaweza kuitetea. Wazo lake ni kutogusa mstari hata kidogo. Badala ya kuandika sifuri ndani yake, unashika mahali kipande kinapoanzia na urefu wake:

struct kipande {
    const char *mwanzo;
    size_t urefu;
};

int kata(const char **p, const char *mwisho,
         char kitenga, char kinga, struct kipande *k)
{
    const char *s = *p;
    if (s == NULL)
        return 0;
    k->mwanzo = s;
    while (s < mwisho && *s != kitenga) {
        if (*s == kinga && s + 1 < mwisho)
            s++;
        s++;
    }
    k->urefu = (size_t)(s - k->mwanzo);
    *p = (s < mwisho) ? s + 1 : NULL;
    return 1;
}

Isome taratibu. Pointa p inaonyesha mahali pa kuendelea, nayo iko mikononi mwako, kwa hiyo unaweza kuwa na mizunguko mitatu mmoja ndani ya mwingine na kila mmoja ukawa na pointa yake. Tunapokuta kitenganishi, tunaisogeza hatua moja mbele yake. Tukiufikia mwisho bila kukikuta, tunaifanya NULL, na wito unaofuata utarudisha 0. Vitenganishi viwili vikigandana, kipande cha kati kinarudi kikiwa na urefu wa 0, na programu yako inakihesabu. Mstari ukiishia kwa kitenganishi, kipande cha mwisho kinarudi kikiwa tupu. Hayo ndiyo tuliyoyataka.

Ile herufi niliyoiita kinga inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu watu wa Hamburg au Singapore.

Katika EDIFACT, ritifaa ndiyo inayofunga sehemu. Hebu fikiria ni mara ngapi sisi tunaandika ritifaa. Ng'ombe. Murang'a. Lang'ata. Ng'ombeni, ukivuka Likoni ukaelekea Kwale. Majina ya watu wa Taita, wa bara na wa pwani yamejaa ng'. Maelezo ya mizigo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini majina ya watu na ya mahali hubaki yalivyo, na siku wakala atakapoandika ngozi za ng'ombe kwa Kiswahili chake, ujumbe unatakiwa usomeke hivi:

FTX+AAA+++NGOZI ZA NG?'OMBE'

Alama ya kuuliza iliyotangulia ritifaa ndiyo kinga. Inasema kwamba herufi inayofuata ni sehemu ya maneno, isichukuliwe kuwa alama ya kukata. Ukitaka kuandika alama ya kuuliza yenyewe, unaandika mbili. Programu isiyoijua kinga itaukata ujumbe palepale kwenye NG?, na itabaki na sehemu mpya inayoanza kwa OMBE, ambayo haimo katika orodha yoyote. Mtu aliyeiandika programu hiyo akiwa mbali na huku pengine hakuwahi kukutana na ng' katika data zake za majaribio. Wewe unayo mlangoni. Ndiyo maana naamini programu za kusoma ujumbe wa aina hii zinafaa zijaribiwe na watu wetu, kwa majina yetu.

Kosa la kawaida hapa ni kuziondoa kinga mapema. Mtu huona alama za kuuliza zinaudhi, akazifuta zote mara tu anapoupokea ujumbe, kisha akaanza kukata. Amezivua herufi kinga zake kabla ya vita. Kata kwanza ngazi zote, sehemu, safu, na viungo, huku kinga zikiwa mahali pake. Ukishafika kwenye kipande cha mwisho kabisa, ambacho hakitakatwa tena, ndipo unakinakili na kuziondoa:

int nakili(struct kipande k, char kinga,
           char *bafa, size_t nafasi)
{
    size_t i, j = 0;
    if (nafasi == 0)
        return 0;
    for (i = 0; i < k.urefu; i++) {
        if (k.mwanzo[i] == kinga && i + 1 < k.urefu)
            i++;
        if (j + 1 >= nafasi)
            return 0;
        bafa[j++] = k.mwanzo[i];
    }
    bafa[j] = '\0';
    return 1;
}

Bafa isipotosha, fankisheni inakataa. Haipunguzi jina la mtu kimya kimya ili litoshe. Hilo ni chaguo langu na ninalishikilia: jina lililokatwa katikati ni jina la mtu mwingine, na mwenye mzigo ndiye atakayesimama dirishani kueleza kwamba yeye ndiye.

Halafu, usizichonge alama hizi ndani ya msimbo wako. Ujumbe wa EDIFACT unaweza kuanza kwa herufi UNA zikifuatwa na herufi sita, kwa kawaida hivi:

UNA:+.? '

Herufi hizo zinatangaza kwa zamu kitenganishi cha viungo, kitenganishi cha safu, alama ya desimali, kinga, nafasi iliyohifadhiwa, na kifungio cha sehemu. Anayeuleta ujumbe ana haki ya kuchagua nyingine, na akizitangaza, wajibu wako ni kuzifuata. Angalia hasa mahali pa kinga: pakiwa na nafasi wazi badala ya alama ya kuuliza, maana yake kinga haitumiki. Hapo ipe fankisheni yako '\0'. Ukiipa ile nafasi wazi kama ilivyo, kila pengo kati ya maneno mawili litamezwa.

Nimekuwa nikisema kitenganishi na kifungio kama vitu viwili, navyo ni viwili kweli. Kitenganishi hukaa kati ya vipande, kwa hiyo vitenganishi sita huzaa vipande saba. Kifungio hukaa mwishoni mwa kila kipande, kwa hiyo vifungio sita huzaa sehemu sita. Ukitumia fankisheni ya kata juu ya ritifaa, itakuletea kipande kimoja cha ziada mwishoni, kitupu. Hicho cha ziada hakina taarifa. Ni matokeo ya kukitendea kifungio kama kitenganishi, na ni halali kukiacha. Lakini kama kipande hicho cha mwisho kina kitu ndani, simama. Ujumbe umekatika njiani kabla ya kufungwa, na hupaswi kuushughulikia kana kwamba umekamilika. Kumbuka pia kwamba baadhi ya watumaji huweka mstari mpya baada ya kila ritifaa ili macho ya binadamu yapate kupumzika, kwa hiyo ruka \r na \n mwanzoni mwa kila sehemu kabla ya kusoma jina lake.

Wapo watakaoniambia kwamba hawafanyi kazi ya bandari, na kwamba siku hizi ujumbe mzito husomwa kwa lugha nyingine. Sawa. C bado inatawala ndani ya vifaa vidogo: mizani, vihisio, na vile vifaa vya kufuatilia malori yanayotoka Mombasa kwenda Malaba na Kampala. Vipokezi vingi vya GPS hutoa habari zake kwa mistari ya NMEA 0183, ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Kipokezi ambacho bado hakijazipata setilaiti, labda kwa sababu lori limeegeshwa chini ya paa la ghala, hutoa mstari kama huu:

$GPRMC,,V,,,,,,,,,,N*53

V inasema kwamba habari hazifai kutumiwa bado. Saa hakuna, latitudo hakuna, longitudo hakuna, kasi hakuna, na kila kisichopatikana kimeachiwa nafasi yake. Pitisha strtok hapo, utabaki na vipande vitatu: $GPRMC, V, na N*53. Programu iliyozoea kusoma latitudo kwenye kipande cha nne itapewa NULL, na kifaa kilichofungwa kwenye lori kitajizima au kujiwasha upya mahali ambapo hakuna fundi. Nimeichagua mifano miwili iliyo mbalimbali, mmoja wa ofisini na mmoja wa barabarani, ili uone kwamba ugonjwa ni uleule.

Kuhusu faili za safu zinazotenganishwa kwa mkato, zile zinazotoka kwenye majedwali ya hesabu, nitasema kidogo. Fankisheni ya kata haitoshi kwazo. Humo kinga inafanya kazi kwa njia nyingine: kipande chenye mkato ndani yake, kama "1,250.00", huzungushiwa alama za kunukuu, na alama ya kunukuu ikiwamo ndani huandikwa mara mbili. Waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005 unaeleza utaratibu huo kwa kurasa chache. Usome kabla ya kuandika chochote, au tumia maktaba iliyokwisha kujaribiwa.

Kabla hujakata, uliza pia kama kipo cha kukatia. Si kila stringi ina kitenganishi. Namba ya kontena haina: kwa mujibu wa ISO 6346 ni herufi tatu za mwenye kontena, herufi moja ya aina, tarakimu sita, na tarakimu moja ya uhakiki. Unaikata kwa kuhesabu, kama mtunga shairi anavyougawa mshororo wa mizani 16 kuwa vipande viwili vya mizani 8 bila kuhitaji alama ya kumwonyesha katikati.

Mombasa ina historia yake katika jambo hili, na inafaa vijana waijue. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani ziliushambulia mji wa Colombo, na Waingereza wakakihamishia Kilindini kituo chao kilichokuwa huko cha kusikiliza na kufumbua ujumbe wa jeshi la majini la Japani. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram. Msimbo mkuu waliokuwa wakishindana nao, ambao wao na washirika wao waliuita JN-25, uliandikwa kwa mafungu ya tarakimu tano tano, na kila fungu, kabla ya kuongezewa namba za kuficha, liligawanyika kwa 3 bila kubaki. Wajapani waliuweka utaratibu huo ili mpokeaji aweze kugundua fungu lililoharibika hewani. Wafumbuzi nao wakautumia: fungu lisilogawanyika kwa 3 liliwaambia kwamba mahali fulani wamekosea. Kulikuwa na msimbo mwingine, JN-40, wa meli za mizigo. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa umejengwa kama JN-25. Mnamo Septemba 1942, kosa la Wajapani wenyewe liliwaonyesha watu wa Kilindini kwamba umbo lake ni jingine kabisa, na baada ya muda si mrefu wakawa wanausoma. Aliyedhania umbo la ujumbe hakufika popote. Aliyelijua, alisoma.

Chukua mambo mawili hapo. La kwanza ni kulijua umbo kabla ya kuanza kazi: omba maelezo ya maandishi kutoka kwa anayekutumia ujumbe, usiyakisie kwa kutazama mistari miwili mitatu. La pili ni kuhakiki baada ya kukata, pale ambapo mwenye ujumbe amekupa njia ya kuhakiki. Namba ya kontena inayo. Kila herufi ina thamani yake, A ni 10, B ni 12, na kuendelea, ukiruka 11, 22 na 33. Zidisha thamani ya kila mahali kwa 1, 2, 4, 8 hadi 512, jumlisha, gawa kwa 11, utazame kinachobaki. Kikiwa 10 kinahesabiwa 0. Kwa CSQU305438 jumla ni 6185, na kinachobaki ni 3, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho ya namba tuliyoanza nayo. Mstari wa GPS nao unayo: zile herufi mbili baada ya nyota ni matokeo ya XOR ya kila baiti iliyo kati ya $ na *. Programu inayokata bila kuhakiki, hali uhakiki umo ndani ya mstari uleule, imefanya nusu ya kazi.

Lipo swali ambalo watu wa Mji wa Kale wa Mombasa huliuliza, wale wenye hati za wazee zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na wanaotaka kuziingiza kwenye kompyuta: je, msimbo huu wa baiti moja moja hautaziharibu? Kama faili ni ya UTF-8 na kitenganishi ni cha kawaida, kama mkato wa Kilatini au +, hautaharibu chochote. Baiti zote za herufi za Kiarabu katika UTF-8 ni 128 kwenda juu, na vitenganishi hivyo viko chini yake, kwa hiyo haviwezi kukutana. Hali hubadilika ukitaka kukata penye mkato wa Kiarabu wenyewe, kwa kuwa huo ni baiti mbili, D8 na 8C, na char moja haiwezi kuushika. Hapo rudi kwa strstr. Vivyo hivyo ile ritifaa iliyopinda ambayo simu huiweka badala ya iliyonyooka: ni baiti tatu, na kwa C si ritifaa hata kidogo. Jina moja linaweza kukufikia kwa sura mbili, kwa hiyo amua mapema utaihifadhi ipi.

Umebaki ushauri wa majaribio, na hapa ninasihi. Usiijaribu fankisheni yako kwa mstari mzuri. Ipe stringi tupu. Inatakiwa irudishe kipande kimoja kitupu. Ipe alama + peke yake. Virudi viwili, vyote vitupu. Ipe mstari unaoanza kwa kitenganishi na mwingine unaoishia nacho. Ipe kinga mbili zikifuatwa na ritifaa, uone kama inajua kwamba kinga ya kwanza inailinda ya pili, na kwamba ritifaa imebaki kuwa kifungio. Ipe mstari ambao kinga ndiyo herufi yake ya mwisho, maana hapo ndipo fankisheni nyingi hutoka nje ya mipaka ya kumbukumbu na kusoma kisichokuwa chao. Tafsiri msimbo kwa -Wall -Wextra -fsanitize=address, kwa gcc au clang, ili ukitoka nje ya mipaka uambiwe palepale. Waombe wenzako wakuandikie majina yao na ya vijiji vyao, yenye ng' na yasiyo nayo, uyapitishe yote kwenda na kurudi.

Jaribio hata moja likikosea, usiupeleke msimbo huo kwa wakala wala kwa bandari. Keti nao mpaka upate sababu, hata kama mwenye kazi anakuharakisha, kwa kuwa mstari mmoja uliosomwa vibaya ni kontena la mtu, na mtu huyo analipia kila siku ambayo kontena lake halionekani.